Figo hazidai lita tano, zinadai maji safi na choo mwaloni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nijibu ushauri unaorudiwa sana siku hizi, ambao msomaji mwenzangu mmoja aliuandika hapa hapa kwa nia njema: kwamba kila mtu mzima, awe nani na afanye kazi gani, anywe lita tano za maji kwa siku ili kuosha figo. Nimefundisha baiolojia katika shule za sekondari za mkoa wetu wa Mwanza kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na ushauri huo nimekutana nao darasani, kwenye daladala, misibani na katika jumbe za simu zinazosambazwa bila jina la mwandishi. Sina ugomvi na aliyeandika. Hoja yangu ni juu ya kiwango hicho kimoja kwa watu wote, kwa sababu kinamtia hofu mtu ambaye figo zake ni nzima, kinaweza kumdhuru mgonjwa aliyepangiwa maji na daktari wake, na kinatusahaulisha watu wa mialo yetu, yaani fukwe ambako mitumbwi ya uvuvi hutia nanga, ambao hupitisha kutwa nzima juani bila kunywa, si kwa kutojua umuhimu wa maji, bali kwa sababu nitakazozieleza.

Wanaohimiza lita tano hudhani figo huchafuka na kusubiri zisuuzwe na maji yanayopita. Hazifanyi kazi hivyo. Figo mbili, kila moja ikiwa na ukubwa unaokaribia ngumi ya mwenye nazo na uzito wa gramu 150 hivi, zimekaa nyuma ya tumbo, kulia na kushoto mwa uti wa mgongo, zikikingwa kwa sehemu na mbavu za chini. Pamoja na udogo wake, hupokea karibu sehemu moja ya tano ya damu yote inayosukumwa na moyo wa mtu aliyetulia, yaani zaidi ya lita moja kila dakika. Damu hiyo hugawanyika katika vichujio vidogo sana viitwavyo nefroni, takribani milioni moja katika kila figo. Mwanzoni mwa kila nefroni kuna fundo la vishipa vyembamba vya damu, limekaa ndani ya kikombe ambacho Mwingereza William Bowman alikieleza mwaka 1842. Msukumo wa damu hulazimisha maji, chumvi, sukari, yurea na vitu vingine vidogo vipenye kuta za vishipa hivyo na kuingia kikombeni, huku chembe za damu na protini kubwa zikibaki ndani ya damu. Kwa mtu mzima mwenye afya, maji yanayochujwa hivyo hufikia lita 180 kwa siku. Msomaji azipange kichwani ndoo tisa za lita 20, zimejaa pomoni: hayo ndiyo maji ambayo figo zake zimechuja tangu jana saa kama hizi. Mtu huyo huyo hukojoa lita moja na nusu tu, pengine mbili. Karibu asilimia 99 ya maji yaliyochujwa imerudishwa kwenye damu. Na kwa kuwa maji ya damu, yaani plazima, ni lita tatu hivi, yote hupita kwenye chujio wastani wa mara 60 kwa siku, mtu awe amekunywa vikombe sita au kumi.

Safari ya kuyarudisha maji hayo ndiyo yenye ufundi, na ndiyo niliyoipenda zaidi kuifundisha. Sehemu ya kwanza ya mrija wa nefroni huchukua karibu theluthi mbili ya chumvi na maji, pamoja na sukari yote ya mtu asiye na kisukari. Chumvi husukumwa kwa nguvu inayogharimu chakula na hewa ya oksijeni, nayo maji huifuata yenyewe. Msomaji akilishika hilo, kwamba maji hufuata chumvi, ameshika nusu ya somo. Kisha mrija hushuka hadi ndani ya figo, hupinda na kupanda tena, katika kitanzi kinachoitwa kwa jina la Mjerumani Jakob Henle aliyekieleza mwaka 1862. Mkono unaoshuka hupitisha maji. Mkono unaopanda haupitishi maji, bali hutoa chumvi na kuiacha pembeni. Kwa mpangilio huo wa mikono miwili inayokwenda kinyume, nyama ya ndani kabisa ya figo huwa na ukali wa chumvi na yurea unaoweza kufikia mara nne ya ule wa damu. Mrija wa mwisho, unaokusanya mkojo kutoka nefroni nyingi, hukatiza katikati ya ukali huo. Kuta zake zikifunguka, maji huvutwa kutoka kwenye mkojo na kurudi mwilini. Zikifungwa, maji hayo huteremka moja kwa moja kibofuni.

Amri ya kufungua au kufunga hutoka kwenye ubongo. Chini ya ubongo, katika sehemu iitwayo haipothalamasi, kuna chembe zinazopima ukali wa damu wakati wote. Damu ikikolea kwa asilimia moja au mbili tu, tezi ya pituitari huachia homoni iitwayo vasopresini, ambayo hufika kwenye figo na kusababisha vijilango vya maji kupachikwa kwenye kuta za ule mrija wa mwisho. Mmarekani Peter Agre, aliyegundua vijilango vya maji vya jamii hiyo, alikuwa mmoja wa wawili waliopewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2003. Maji yakishanywewa na damu ikapoa ukali wake, homoni hupungua, vijilango huondolewa, na katika muda wa saa moja au zaidi kidogo mtu huanza kukojoa mkojo mwepesi. Kwa njia hiyo figo nzima zinaweza kutoa mkojo ulio mwepesi mara sita kuliko damu au mzito mara nne kuliko damu, kulingana na mahitaji ya siku hiyo. Kuna mpaka ambao haziwezi kuuvuka: hata zikiubana mkojo kwa uwezo wake wote, zinahitaji kama nusu lita kwa siku ili kutoa yurea na takataka nyingine zinazotokana na chakula. Chini ya hapo, takataka hubaki kwenye damu.

Kiu nayo huamshwa na ukali ule ule wa damu. Haikuwekwa ndani yetu kama pambo. Mtu mzima mwenye afya, mwenye maji safi karibu naye na ruhusa ya kwenda chooni, akinywa anaposikia kiu na akinywa kidogo zaidi anapofanya kazi juani, atakuwa amezitendea haki figo zake bila kushika kikombe cha kupimia. Wazee wenzangu tujihadhari kidogo, maana hisia ya kiu hufifia umri unapokwenda, nao watoto wachanga hawawezi kuisema.

Nisiache upande wa chumvi, kwa sababu lita tano zimewafanya watu waisahau. Figo hulinda ukali wa damu, na hulinda pia wingi wake. Mtu akiharisha, akitapika au akitoka damu nyingi, msukumo ndani ya figo hushuka, nazo huachia renini. Hiyo huanzisha mnyororo unaobana mishipa ya damu na kuziamsha tezi za adrenali, zilizokaa juu ya figo, zitoe aldosteroni. Homoni hii huzuia chumvi isipotee kwenye mkojo, na maji, kama nilivyosema, huifuata. Kinyume chake, damu ikizidi, vyumba vya juu vya moyo hutanuka na kutoa homoni yao inayoziambia figo ziachie chumvi. Kwa hiyo mtu mwenye presha anayekula samaki wa chumvi kila jioni na kujipa moyo kwamba maji mengi yatamwondolea madhara, amekosea hesabu: chumvi ile inashikilia maji ndani ya mishipa yake. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu tano za chumvi kwa siku, ambazo ni kama kijiko kimoja cha chai, tena ikihesabiwa na ile iliyomo ndani ya chakula.

Hapa nitatoka kidogo nje ya mwanadamu, kwa faida ya vijana wanaosoma barua hii ufukweni. Sato na sangara tunaowavua hawana haja ya kunywa maji ili kuishi. Mwili wao una chumvi kuliko maji ya ziwa, kwa hiyo maji huwaingia yenyewe kupitia matamvua, na figo zao hufanya kazi usiku na mchana kuyatoa kwa mkojo mwingi na mwepesi, huku matamvua yakiokoteza chumvi kutoka ziwani. Samaki wa baharini mwenye mifupa ana shida iliyo kinyume, ndiyo maana hunywa maji ya bahari na kukojoa kidogo. Kila kiumbe figo zake zimepangwa kwa mahali anapoishi, na zetu zimepangwa kwa kiumbe wa nchi kavu anayekunywa, kuacha, na kunywa tena.

Sasa, mtu anywe kiasi gani? Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilipolipima swali hilo mwaka 2010, ilipendekeza lita mbili na nusu kwa mwanamume na lita mbili kwa mwanamke kwa siku, katika hali ya hewa ya wastani na kazi ya wastani, na ndani ya hesabu hiyo yamo maji ya chakula. Uji, mchuzi, chai, maziwa, machungwa, matikiti, hata ugali wenyewe, vyote huleta maji. Karani anayekaa ofisini katikati ya jiji hana sababu ya kuyazidi sana makadirio hayo. Kuli anayepandisha magunia kwenye lori saa saba mchana ni mtu mwingine kabisa. Jasho lake peke yake laweza kuzidi lita moja kwa saa, na kumwambia anywe sawa na karani ni kumwonea. Upande wa pili, figo zina kasi ambayo haziwezi kuizidi: hutoa chini kidogo ya lita moja ya maji kwa saa. Mtu akijilazimisha kumeza lita nyingi ndani ya saa chache, sodiamu ya damu hushuka, chembe za ubongo huvimba, na huanza kuumwa kichwa, kutapika, kuchanganyikiwa, hata kupata degedege. Si jambo la kila siku, lakini limewahi kuwaua wanariadha na askari vijana waliokuwa na figo nzima kabisa.

Wanaoniudhi zaidi ni wale wanaompelekea ujumbe wa lita tano mgonjwa wa figo au wa moyo. Figo zilizochoka haziwezi tena kutoa maji yanayoingia, kwa hiyo maji hujaa miguuni, tumboni na hatimaye mapafuni, na mgonjwa hulala ameketi kwa kukosa pumzi. Anayesafishwa damu kwa mashine, kazi ambayo kwa kawaida hufanyika mara tatu kwa wiki na kuchukua saa nne hivi kila mara, huhesabiwa maji anayokunywa kati ya siku moja ya mashine na nyingine, na anayemshawishi aongeze anamtafutia kifo. Kwa upande mwingine ni haki niseme kwamba wako watu wanaofaidika kwa kunywa zaidi ya kiu yao. Aliyewahi kupata mawe kwenye figo hushauriwa anywe hadi mkojo ufikie lita mbili au mbili na nusu kwa siku, ili chumvichumvi zisigande. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018, uliofanywa kwa wanawake 140 wenye UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) ya kujirudia waliokuwa wakinywa maji kidogo, ulionyesha kwamba walioongeza lita moja na nusu kwa siku waliugua karibu nusu ya mara walizougua wenzao kwa mwaka ule. Lakini hao ni watu waliopimwa, wenye tatizo linalojulikana, si kila mpita njia.

Nimeutaja ugonjwa wa UTI, na hapo ndipo njia ya mkojo inapogusa maisha ya mwalo. Mkojo ukishatengenezwa haubadiliki tena. Hushuka kutoka kila figo kupitia mrija wa sentimita 25 hivi, ambao misuli yake hukaza na kulegea mara kadhaa kwa dakika na kuusukuma kuelekea chini hata kama mtu amelala. Mirija hiyo huingia kwenye kibofu kwa ulalo, kwa hiyo kibofu kikijaa hubana midomo yake na kuzuia mkojo usirudi juu. Kibofu cha mtu mzima huanza kutoa taarifa kikiwa na mililita 150 hadi 250, na hufikia mililita 400 au 500 kabla ya mtu kutaabika. Chini yake kuna misuli miwili ya kufunga. Wa ndani hauna habari na matakwa yetu, wa nje ndio tunaoutawala, na ndio mtoto anaojifunza kuutawala anapoachishwa nepi. Kutoka hapo hadi nje, mwanamume ana njia ya sentimita 20 hivi, mwanamke sentimita nne tu, tena karibu na njia ya haja kubwa. Bakteria wana safari fupi sana kwa mwanamke. Kinga yake kubwa ni mkojo kupita mara kwa mara na kuwafagia kabla hawajashikilia ukuta wa kibofu.

Mapema mwaka huu nilikaa asubuhi nzima katika mwalo mmoja ambao sitautaja, kwa kuwa hali niliyoiona si ya mwalo huo peke yake. Akina mama walikuwa wameanika dagaa juu ya nyavu zilizotandikwa mchangani, wakiwageuza kwa fagio za njiti na kuwafukuza kunguru. Mmoja wao, ambaye watoto wake niliwafundisha, alikuwa na chupa ya maji ya nusu lita aliyoifukia hadi shingoni kwenye mchanga wenye unyevu ili isipate joto. Alikuwepo pale tangu mitumbwi ilipotia nanga alfajiri. Saa sita mchana maji yale yalikuwa yamepungua vidole viwili. Nilimuuliza kwa nini hanywi, akanijibu bila kuacha kugeuza dagaa: "Mwalimu, nikinywa nitajisaidia wapi?" Choo cha mwalo kilikuwa kimejaa na mlango wake umeng'oka. Kingine kilikuwa ng'ambo ya barabara, cha kulipia, na akienda huko kunguru na mbuzi wanabaki na dagaa wake. Wanaume waliokuwa wakishona nyavu hawakuwa na shida hiyo, maana walikwenda nyuma ya mawe. Mama yule hakuhitaji kufundishwa faida za maji. Alikuwa ameamua, kila siku ya kazi, kwamba kiu ina unafuu kuliko aibu.

Ndani ya mwili wake yalikuwa yakitokea yale niliyoyaeleza: jasho linatoka, damu inakolea, vasopresini inapanda, mkojo unapungua na kuwa wa kahawia, na kibofu kinakaa saa saba au nane bila kufagiwa. Huko ndiko zinakotoka UTI zinazotibiwa kwa vidonge vya duka la dawa na kurudi baada ya wiki chache. Liko jingine baya zaidi. Jioni mgongo ukiuma, yeye na wabeba mizigo wenzake humeza diklofenaki au ibuprofeni, dawa zinazopatikana kirahisi kuliko panadoli ya hospitali. Figo zilizokaukiwa maji hutegemea kemikali za mwili zinazoitwa prostaglandini ili kuuacha wazi mshipa unaoziletea damu. Dawa hizo huzizima kemikali zile. Mtu aliyekunywa maji vizuri na kumeza kidonge kimoja kwa siku moja mara nyingi hatapata neno, lakini anayezimeza kila jioni akiwa amekauka anaziweka figo zake kwenye hatari ya kushindwa kazi ghafla, na wauzaji wa maduka ya dawa mwaloni wangefanya jambo jema kumuuliza mnunuzi kama amekunywa maji na kama amekojoa leo kabla ya kumpa.

Wavuvi wa dagaa, wanaofanya kazi usiku wa giza kwa taa, wana hadithi yao. Wengi wameniambia kwamba usiku ziwani hukojoa mara nyingi hata kama hawajanywa kitu, na sababu yake ni baridi: mishipa ya ngozi hujikunja, damu hukusanyika kifuani, mwili hudhani una maji ya ziada, na figo hutii. Wakiongezea gongo ya kujipasha moto, pombe huizima vasopresini na maji mengine huondoka. Wanafika nchi kavu asubuhi wakiwa tayari wamepungukiwa, kisha wanaanza kushusha mzigo juani. Hao wanapaswa kunywa wanapofika, kabla ya kulala, iwe chai, uji au maji yaliyochemshwa.

Yaliyochemshwa, nasema, kwa sababu tunaishi kando ya ziwa la kilomita za mraba zipatazo 68,800 na ni rahisi kuchota kikombe pembeni ya mtumbwi. Kuharisha na kipindupindu vinavyotokana na kikombe hicho hupoteza lita nyingi za maji na chumvi kuliko zile alizotaka mtu kuzipata. Hapo maji matupu hayatoshi. Kinachohitajika ni ORS, yaani unga wa chumvi na sukari unaoyeyushwa kwenye maji safi, kwa kuwa sukari iliyomo husaidia utumbo kuivuta chumvi, na maji hufuata. Juu ya kichocho, watu wetu huchanganya aina mbili. Ile ya ufukweni mwa ziwa hushambulia zaidi utumbo na ini. Ile ya njia ya mkojo, ambayo minyoo yake Mjerumani Theodor Bilharz aliigundua akiwa Cairo mwaka 1851, kwetu hupatikana zaidi kwenye madimbwi, malambo na mashamba ya mpunga ya bara, mbali kidogo na ziwa. Mayai yake yana mwiba, hutoboa ukuta wa kibofu, na mgonjwa hukojoa damu, hasa mwishoni mwa mkojo. Zipo jamii za Afrika zilizowahi kuichukulia damu hiyo kwa mvulana kuwa dalili ya kukua. Ni ugonjwa, unatibika kwa praziquantel, na ukiachwa miaka mingi hukakamaza kibofu, huziba mirija ya mkojo, huharibu figo na unaweza kuleta saratani ya kibofu.

Badala ya lita tano, ningependa watu wajizoeze kutazama mkojo wao. Ukiwa wa njano nyepesi, mwili una maji ya kutosha. Ukiwa wa njano iliyokolea au kahawia, kunywa sasa, isipokuwa kama ni asubuhi umetoka kulala au unatumia dawa inayobadilisha rangi, kama rifampisini ya kifua kikuu. Ukiwa na damu, au na povu zito lisiloisha siku kadhaa, ambalo laweza kuwa protini inayovuja kwenye vichujio, nenda kapime. Mtu anayekojoa mara nyingi na kwa wingi huku akikonda na kuwa na kiu isiyokatika apimwe sukari, kwa kuwa sukari ikipita kiwango fulani kwenye damu figo hushindwa kuirudisha yote, nayo humwagikia kwenye mkojo na kuyavuta maji pamoja nayo. Kisukari na presha ni miongoni mwa visababishi vikubwa vya figo kufa, na figo hazilalamiki mapema: mtu anaweza kupoteza zaidi ya nusu ya uwezo wake bila kuhisi chochote. Kipimo cha mkojo na cha kreatinini, takataka ya misuli ambayo figo huitoa kwenye damu, huonyesha tatizo kabla ya uvimbe kutokea. Ni kweli kwamba nchi yetu imeanza kupandikiza figo, Muhimbili mwaka 2017 na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma mwaka 2018, lakini njia hiyo ni ndefu na ya gharama kubwa kwa mchuuzi wa dagaa.

Kwa hiyo ombi langu halielekezwi kwa mama yule wa chupa iliyofukiwa mchangani. Linaelekezwa kwa halmashauri zinazokusanya ushuru wa kila ndoo na kila gunia linalotoka mwaloni, na kwa viongozi wa BMU, vikundi vya usimamizi wa uvuvi mwaloni, wanaojua idadi ya watu wao. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri awe na vyoo na maji ya kunywa kwa wafanyakazi wake. Waanika dagaa hawana mwajiri, lakini wana anayewatoza ushuru, na sioni kwa nini anayepokea fedha zao asibebe wajibu huo. Kila mwalo uwe na vyoo vya wanawake vilivyotengwa na vya wanaume, vyenye milango inayofungika kwa ndani, vilivyo karibu na uanikaji, visivyo na malipo kwa anayelipa ushuru, na vinavyonyonywa kabla ya kujaa. Pawe na bomba la maji yaliyotibiwa au tangi lenye koki, na kivuli cha kunywea. Mkutano ujao wa bajeti wa kata ndiyo mahali pa kuliuliza hili, na nawaomba waandishi wako, Ndugu Mhariri, wapite mialoni wahesabu vyoo vinavyofanya kazi na kutuandikia walichokiona.

Na msomaji ambaye daktari amempangia kiasi cha maji ya kunywa kwa sababu ya moyo au figo, tafadhali aendelee na kiasi hicho hicho hadi siku yake ya kliniki, hata kama simu yake imejaa jumbe zinazomwambia vinginevyo.

Wako,
Mwalimu mstaafu wa baiolojia,
Mwanza.